Basi la Kuwapeleka Wagomaji

Wathome aliapa kwa Mungu, akaapa kwa marehemu mama yake, na kwa kuwa benchi zima bado lilikuwa likimtazama kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi mwenye kikohozi, akaongeza kwamba yuko tayari hata kula kithitu. Kithitu ni kiapo cha Wakamba, na mwongo hakimwachi salama. Wathome alikuwa tayari kabisa kukila, mradi kithitu chenyewe kibaki Kitui na yeye abaki hapa Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi la Nairobi.

"Ni kweli tupu," alisema. "Sijaongeza chumvi hata chembe."

"Chumvi iko hapo kwenye kikopo," alijibu Dubow, mwenye kibanda cha supu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Jitilie tu, mzee. Sisi tumekuzoea."

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Wathome alikuwa amestaafu udereva katika kampuni ya Mabasi ya Korongo, na kama wastaafu wengi wa Eastlands alibaki na kazi mbili: kulalamikia goti lake na kueleza jinsi alivyouletea ushindi mgomo wa mwaka wa tisini na tatu. Kila mwaka goti lilizidi kuwa baya. Kila mwaka mgomo ulizidi kuwa mzuri.

Mgomo wenyewe ulianza na breki.

Mativo, mume wa Syombua, dada yake mdogo Wathome, naye alikuwa dereva wa Korongo. Asubuhi moja alipewa basi ambalo breki zake zilikuwa na tabia ya kufikiri kwanza. Unakanyaga, zinatafakari, zinashauriana, kisha zinashika. Mativo alilijaribu kwenye mteremko wa Shauri Moyo, na basi likasimama pale lilipopenda lenyewe, yaani mbele kidogo ya meza ya muuza viazi, baada ya kupitia kwenye viazi. Akalirudisha depo na kusema halitoi tena mpaka litengenezwe. Kampuni ilichunguza jambo hilo kwa makini sana, kwa siku nzima, na mafundi wake wakaligundua tatizo: tatizo lilikuwa dereva. Mativo akafutwa kazi.

Sasa, kampuni ilikuwa na nyumba zake nyuma ya depo, na Mativo aliishi katika mojawapo. Asiye na kazi hana nyumba. Lakini msidhani Korongo ilikuwa kampuni isiyo na huruma. Ilimpa mpaka jioni kutoa vitu vyake.

Jioni hiyo Wathome alikuwa Kaloleni, amekaa mlangoni na kikombe cha chai, akiyafurahia maisha ya mtu mwenye chumba kimoja, pazia moja na kitanda kimoja kizuri cha mbao. Akaona mkokoteni unakuja. Juu ya mkokoteni kulikuwa na godoro, masufuria, watoto, na gogo la mhugu refu kama jeneza. Nyuma ya mkokoteni alikuwa Mativo. Nyuma ya Mativo alikuwa Syombua, ambaye tayari alikuwa anatoa amri.

"Kaka, sogeza hicho kiti. Hatukai sana."

"Hamkai sana mpaka lini?"

"Mpaka Mativo arudishwe kazini."

Nthoki, mke wa Wathome, aliwakaribisha kwa roho moja, kwa sababu Syombua alikuwa wifi yake na wifi hafukuzwi. Wanawake na watoto wakapewa kitanda. Wanaume wakapewa sakafu. Na gogo? Gogo nalo lilipewa nafasi, kwa maana baba yake Mativo alikuwa mchonga vinyago wa Wamunyu, na mwanawe alipoona hana basi la kuendesha alirudia kazi ya ukoo. Alichonga twiga. Si twiga wa kuweka juu ya redio. Twiga aliyeanzia kwenye jiko na shingo yake ikatokea dirishani, hata jirani mmoja aliyekuwa ametoka kunywa alimsalimia asubuhi na kukasirika alipokosa kujibiwa.

"Twiga wa mti akasalimiwa?" aliuliza Dubow.

"Mara mbili," alisema Wathome.

Chumba kikajaa vumbi la mbao. Ugali ukawa na vumbi la mbao. Na usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa sababu Mativo aliota kila usiku kwamba yuko kwenye ule mteremko wa Shauri Moyo, na kila alipoota alikanyaga breki, na breki ilikuwa goti la Wathome.

Kwa hiyo ieleweke: wako waliogoma kwa ajili ya haki, wako waliogoma kwa ajili ya usalama wa abiria, na wote hao Mungu awabariki. Wathome alitaka Mativo arudishwe kazini ili yeye mwenyewe arudi kitandani.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti wa wafanyakazi alikuwa kondakta mmoja aitwaye Irungu, mtu mwenye sauti ya kuita abiria walioko kituo kinachofuata. Irungu alipanda juu ya meza.

"Ndugu wafanyakazi! Kuanzia kesho, mpaka Mativo arudi na mabasi yatengenezwe breki, hakuna tairi la Korongo litakalozunguka! Hata moja!"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Watu wakakumbatiana. Wathome alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, akikiona kitanda chake kinamjia kwa mbali.

Ndipo Aoko, kondakta wa kutoka Jericho, alipoinua mkono. Aoko alikuwa na ubaya mmoja: alipenda kuelewa mambo.

"Mwenyekiti, tutagomea wapi?"

"Getini! Mbele ya depo! Meneja atuone kwa macho yake!"

"Sawa. Na tutafikaje?"

Ukumbi ukanyamaza. Ni lazima mtu ajue jinsi kampuni ile ilivyofanya kazi ili aelewe ukimya huo. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, basi moja lilitoka depo na kuzunguka mitaani, Jericho, Bahati, Makongeni, Kaloleni, likiwaokota madereva na makondakta na mafundi na kuwaleta kazini. Liliitwa basi la stafu. Jioni liliwarudisha. Hakuna mtu wa Korongo aliyewahi kwenda kazini kwa miguu tangu aajiriwe. Mtu wa mabasi alijua barabara zote za jiji isipokuwa namna ya kuzitembea.

"Si tukae tu nyumbani?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Mgomo wa nyumbani unaitwa kulala!" alinguruma Irungu.

"Basi tutembee."

"Kutoka Jericho?" Aoko aliuliza. "Kwa hizi nyayo? Kwani sisi ni watu wa Pumwani?"

Watu wa Pumwani walikuwa wakitembea kwenda mjini tangu enzi za mababu zao, na hakuna aliyewahi kuwapa pole. Lakini wazo la dereva kutembea liliwashtua wote kwenye ukumbi. Polepole, kichwa kimoja kimoja, waligeuka kumtazama dereva wa basi la stafu. Dereva wa basi la stafu alikuwa Wathome.

"Ngojeni kwanza," alisema Wathome. "Si mmesema hakuna tairi litakalozunguka?"

"La biashara," alisema Irungu, akishuka mezani ili afikiri vizuri. "Tumesema tairi la biashara. Wewe utakuwa unabeba mgomo. Ni tofauti."

"Na mimi nitagoma saa ngapi?"

"Utagoma kwa moyo, ndugu. Mikono na miguu ndiyo itafanya kazi. Moyo utakuwa na sisi."

Wakapiga kura. Mikono yote ilikwenda juu, na wa kwanza kabisa ulikuwa wa Mativo. Kitambaa chekundu kikafungwa kwenye kioo cha pembeni cha basi la stafu ili dunia nzima ijue kwamba basi hilo linatembea lakini limegoma.

Siku ya kwanza ya mgomo Wathome aliona maajabu. Siku za kazi, alizoea kupiga honi Bahati mpaka wenye nyumba watoke na rungu, na bado fundi mmoja aje anafunga mshipi. Siku ya mgomo wote walikuwa kituoni kabla yake, wamenyoa, wamevaa yunifomu safi.

"Umechelewa!" Aoko alimfokea akipanda. "Mgomo utaanza bila sisi! Mambo gani haya, Wathome? Hamna heshima kwa wagomaji?"

Waliimba njia nzima. Wakafika getini, wakashuka kwa utaratibu, wakagoma. Wathome akaliingiza basi depo kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuliegesha, kisha akatoka kwa miguu ili naye agome kwa moyo. Hapo ndipo alipoinua macho na kumwona meneja dirishani.

Meneja wa Korongo alikuwa bwana wa tai pana, na alikuwa anatabasamu. Tangu aanze kazi pale hakuwahi kuona basi la stafu likifika kwa wakati na limejaa hivyo. Jioni hiyo redio ikatangaza, kwa niaba ya kampuni, kwamba wafanyakazi wote wa Korongo walifika depo asubuhi na mapema bila kukosa, kwamba basi la kampuni lilionekana barabarani likiwa limejaa, na kwamba habari za mgomo ni porojo.

Familia mbili zilisikiliza taarifa hiyo zikiwa zimebanana kulizunguka jiko. Mativo aliweka chini patasi yake.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Unanivunjia mgomo."

"Mimi? Si wewe uliyeinua mkono wa kwanza?"

"Niliinua mkono uendeshe. Sikusema uonekane!"

"Basi nifunike basi na shuka la Mama Ndunge, liende kama jini?"

"Shuka langu liache," alisema Nthoki.

Siku zilizofuata mambo yaliharibika kwa mpangilio mzuri sana. Kadiri wagomaji walivyojitokeza kwa wingi, ndivyo basi lilivyojaa, na kadiri basi lilivyojaa, ndivyo redio ilivyotangaza kwamba kazi inaendelea vyema. Irungu akaona dawa ni kuongeza watu, ili mgomo uonekane. Watu wakaongezwa. Wengine wakasimama mlangoni. Meneja akatoka ofisini mwenyewe, akamshika Wathome mkono mbele ya geti, mbele ya kila mtu, akamwita mfano wa kuigwa. Siku iliyofuata picha ya Wathome ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye lango, kubwa, anacheka, chini yake maneno MFANYAKAZI BORA. Alikuwa anacheka kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke. Hilo alilieleza kwa watu wengi na hawakujali.

Watu wa Pumwani, waliokuwa sasa wanatembea kwenda mjini pamoja na nusu ya Eastlands, walimwona akipita na basi lake lililojaa. Walimpungia mkono asimame. Hakuweza kusimama, alikuwa amebeba wagomaji. Wakamrushia maneno. Kutoka maneno wakahamia maganda ya ndizi.

"Msaliti!" walimwita wale wanaounga mkono mgomo.

"Mgomaji!" walimwita wale wanaoupinga.

Katika Kenya yote, alisema Wathome, hakuna mtu mwingine aliyewahi kutukanwa na pande zote mbili kwa ajili ya basi moja.

Nthoki alikuwa anauza mashati ya mitumba Gikomba. Alirudi jioni moja na furushi zima kichwani.

"Baba Ndunge, wamenihamisha. Wamenitoa njiani wakanipeleka kando ya mtaro. Wanasema mke wa msaliti auzie vyura."

"Uliwaambia ninagoma kwa moyo?"

"Niliwaambia. Wamesema basi wateja nao watanunua kwa moyo."

Hapo Wathome akachoka. Akamwendea Irungu getini na kumwambia kwamba kuanzia kesho naye anagoma, kamili, moyo na miguu na mikono. Irungu akaita mkutano papo hapo. Wagomaji walimsikiliza kwa heshima, kisha wakakasirika kama abiria.

"Na sisi wa Jericho tutakujaje?" aliuliza Aoko. "Unajua mvua iliyonyesha jana? Hii huduma yako imeanza kuwa mbaya kweli."

"Ukigoma wewe, mgomo umekwisha," alisema Irungu. "Unataka kutuua? Ukithubutu kugoma, tutagoma dhidi yako."

Kwa hiyo Wathome akarudi kuendesha. Usiku huo Mativo alikanyaga breki mpaka goti likavimba.

Halafu ikaja habari mbaya kuliko zote. Kampuni ilikuwa imekusanya madereva wapya kutoka huko nje ya mji, watu wasiomjua Mativo wala breki zake. Walikuwa wamelazwa ndani ya depo yenyewe, wakalishwa vizuri, na Jumatatu asubuhi wangetoa mabasi yote barabarani. Yakishatoka, mgomo umekufa. Mativo hatarudi kazini. Gogo jingine la mhugu lingeletwa. Wathome alilala sakafuni na kuhesabu mbavu za twiga, akaona hayo ndiyo yatakuwa maisha yake mpaka azikwe.

"Jumatatu na mimi nakuja," alisema Syombua Jumapili jioni, akiosha vyombo. "Mwanamume anayelala hapo chini ni mume wangu. Nataka nione mwisho wa mgomo huu kwa macho yangu."

Hapa Wathome alikunywa supu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Benchi lilijua kinachokuja. Keynan, binamu yake Dubow aliyekuwa akipima nyama jirani, aliiacha mizani ikaning'inia.

Jumatatu hiyo, alisema Wathome, alfajiri ilikuwa na ukungu. Basi lilijaa kuliko siku zote. Syombua alikuwa kiti cha mbele. Walipolikaribia geti, waliona ndani mabasi ya Korongo yamepangwa mstari, injini zinanguruma, madereva wapya wameshika usukani. Askari wa geti alikuwa amekwisha kulifungua lango wazi. Meneja alikuwa dirishani na saa mkononi.

Na hapo katikati ya geti, Wathome alimtazama meneja. Meneja akamtazama Wathome. Wathome akaitazama picha yake mwenyewe ukutani, inacheka. Kitu kikamjia kifuani, kama moto. Akauzungusha usukani kwa mikono yote miwili. Basi likakata kona, likalala mshazari kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, hata kuku asingepita. Akazima injini. Akapanda juu ya kiti, akatoa kichwa dirishani, akahutubia.

"Alisema nini?" aliuliza Keynan, ingawa alishaisikia hotuba hiyo.

"Nilisema hivi. 'Bwana meneja! Basi hili lilibeba wafanyakazi, likabeba wagomaji, na sasa limebeba haki! Halisogei mpaka haki ishuke!'"

"Wallahi," alisema Keynan.

Wagomaji walilia. Madereva wapya walizima injini mmoja mmoja na kuvua kofia. Malori mawili ya askari yalifika, na mkubwa wao, baada ya kuisikiliza hotuba iliyorudiwa kwa ajili yake, alisema kazi kama hiyo hawezi kuifanya kwa dhamiri safi, akageuza malori. Kampuni ilitaka kulivuta basi. Lakini gari la kuvuta mabasi mabovu lilikuwa ndani ya depo, nyuma ya mabasi yote, na geti lilikuwa ni moja tu. Ilipofika adhuhuri meneja alishuka mwenyewe, tai mkononi. Mativo akarudishwa kazini. Breki zikatengenezwa. Funguo za nyumba zikatolewa hapo hapo. Na jioni, wafanyakazi walimbeba Wathome mabegani kutoka depo mpaka Kaloleni, kwa miguu, wao ambao hawakujua kutembea.

Benchi zima liliacha kunywa supu, kwa heshima. Hata Dubow aliacha kukoroga.

"Mpaka Kaloleni?" ilisema sauti nyuma yao. "Na ulikuwa na uzito ule?"

Wathome alijua sauti hiyo kabla hajageuka. Alikuwa ameisikia chumbani mwake kwa muda wa kumtosha. Syombua alikuwa amesimama na kikapu, amekuja kununua matumbo, na kwa jinsi alivyokiweka kikapu chini ilionekana amesimama hapo muda.

"Dada yangu!" alisema Wathome. "Karibu. Tulikuwa tunazungumza mambo mengine."

"Nimesikia mambo mengine. Nimesikia moto kifuani. Kaka, hebu waambie kuhusu dizeli."

"Dizeli gani?" aliuliza Dubow, akigeuka mzima mzima.

"Hakuna dizeli," alisema Wathome.

"Hapo amesema kweli," alisema Syombua. "Hakukuwa na dizeli. Basi liliishiwa, jamani! Alikuwa analiingiza depo kama kila siku, likakohoa, likajaribu kupinda, likafa katikati ya geti. Hakuzungusha usukani kwa moto wowote. Alikuwa anabonyeza kile kitufe cha kuwashia huku jasho linamtoka, anasema, 'Ee Mungu, si hapa, si hapa, mbele kidogo tu.'"

"Liliishiwaje?" aliuliza Keynan. "Depo si ina pampu?"

"Ina pampu. Lakini pampu ina mtu wake, na mtu wa pampu naye alikuwa mgomaji. Alikuwa anakaa kiti cha tatu upande wa dirisha. Huyu hapa alikuwa anamchukua kila asubuhi Makongeni, anampeleka kugoma, anamrudisha jioni, na hakuna siku hata moja alikaa akajiuliza nani anajaza tangi."

Benchi lilianza kutikisika. Mtu mmoja alilazimika kuweka bakuli chini. Wathome aliitazama supu yake kama mtu anayesoma.

"Geji ilikuwa mbovu," alisema kwa sauti ndogo.

"Na hotuba?" aliuliza Dubow. "Hotuba ilikuwepo?"

"Hotuba alitoa," alikubali Syombua. "Aligeuka akaniambia, 'Syombua, shuka usukume.'"

Keynan alishika nguzo ya kibanda.

"Alitaka tulitoe njiani! Aliona aibu, meneja anamtazama. Watu kumi wameshashika mgongo wa basi, linaanza kusogea, mabasi ya ndani yako tayari kupita. Nikasema hawa ni wajinga. Nikachukua jiwe kwenye mtaro nikalisukumia chini ya tairi la nyuma, nikakaa juu ya jiwe na mtoto mgongoni. Irungu aliponiona ndipo akazinduka, akapiga kelele watu wote wakae chini. Askari hata mmoja hakuja. Huyu alibaki ndani ya basi anabonyeza kitufe mpaka saa nne."

"Lakini Mativo alirudi kazini," alisema Wathome.

"Alirudi."

"Na nyumba mkapata."

"Tukapata. Na siku tulipohama kwako ulitubebea godoro mwenyewe, mbio, hata mkokoteni haujafika. Hiyo ndiyo ungewasimulia. Hiyo mbio niliiona na ilikuwa ya kweli."

Dubow alipangusa mikono yake kwa kitambaa, polepole, kama kadhi anayejiandaa.

"Mzee Wathome. Hii stori umetuuzia hapa tangu nifungue kibanda. Nimelia kwa hii stori. Nimempigia mjomba wangu Garissa nikamwambia iko mzee hapa alizuia malori ya askari kwa mdomo. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie laini ilikuwa mbaya."

"Warya, we mzee, simama. Leo unalipia benchi zima. Supu, na ile ya kuongeza."

"Na huyu je?" Keynan alimwonyesha Syombua kwa kisu. "Amekaa juu ya jiwe, wewe ukabebwa mabegani."

"Mimi sitaki makuu," alisema Syombua. Akaelekeza kidole kwenye nyama zilizotundikwa nyuma ya mizani, akapita mbavu, akapita bega, akasimama. "Ule mguu wa nyuma. Mzima. Msimtolee mfupa."

"Syombua, mimi ni mstaafu."

"Najua. Ndiyo maana una nafasi ya kuubeba."

Wathome alivua kiatu cha kushoto, ambamo aliweka fedha zake tangu siku aliyoibiwa Gikomba na majitu saba yenye mapanga, au kijana mmoja, kutegemea nani anasikiliza. Akazikunjua, akamkabidhi Dubow bila kumtazama. Keynan akaufunga mguu wa mbuzi kwenye gazeti na kumwekea mikononi kama mtoto mchanga. Ulikuwa mzito, na ulivuja.

"Tutapanda nini mpaka kwako?" aliuliza Wathome.

Syombua alikuwa ameshachukua kikapu chake na kuanza kuondoka, anapita katikati ya mbuzi bila kugeuka nyuma.

"Tutatembea," alisema.

Akamfuata, anachechemea, huku benchi likimwimbia nyimbo za mgomo ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.